Siku sita Uskoti na Mjomba, kumtafuta baba yake Bibi

Nyumba ya Bibi pale Kibokoni, Mombasa, ilikuwa na vitu viwili vya Mzungu. Kimoja ni spana ya chuma, ndefu kama mkono wa mtoto, iliyokaa chini ikizuia mlango usipigwe na upepo. Cha pili ni picha ya mwanamume mwenye masharubu, amesimama kando ya meli ambayo haijapakwa rangi. Huyo ndiye baba yake Bibi. Watu wazima walimwita "yule Mwingereza", na sisi watoto tulijua kwamba mazungumzo yakimfikia tu, tutatumwa dukani.

Tulichokuja kukijua baadaye ni hiki. Alifika Kisumu mwaka 1913 kuunganisha meli za ziwani, Usoga kisha Rusinga. Baada ya Vita Kuu akashuka Mombasa, akapata kazi Kilindini, akasilimu, akamwoa mama yake Bibi. Bibi akazaliwa 1922. Mwaka 1930 akaaga kwamba anakwenda kwao likizo. Likizo yenyewe mpaka leo haijaisha.

Nyuma ya picha kuna maandishi ya penseli: jina lake, ambalo nitalibana hapa kwa kuwa lina wenyewe (tosha kusema linaanza na Mac), na neno "Islay". Miaka yote tulidhani Islay ni jina la meli. Nilipohamia Birmingham kikazi ndipo nikaliona kwenye ramani: ni kisiwa, pwani ya magharibi ya Uskoti, na wenyewe hutamka "Aila". Juni hii Mjomba, mdogo wake mama, alipokuja kunitembelea, hakutaka kuoneshwa London.

"Mwanangu," akasema, "nipeleke kwa kina Mac."

Siku ya kwanza, Edinburgh

Ofisi ya kumbukumbu iko hatua chache kutoka stesheni ya Waverley, jumba la mawe ambalo msingi wake uliwekwa 1774. Mbele yake yuko jemadari Wellington wa shaba juu ya farasi aliyeinua miguu ya mbele. Tulilipa pauni 15, tukapewa kiti na kompyuta mpaka jioni. Mjomba alikuwa karani bandarini kwa miaka 31. Alifuta miwani, akakunja mikono ya shati, akaniambia nisimharakishe.

Uskoti wanaandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa sheria tangu Januari 1855. Kabla ya hapo unategemea vitabu vya makanisa, na huko ni bahati yako na mwandiko wa padri. Cheti chake cha kuzaliwa, 1884, tulikipata kabla chai haijapoa: baba mkulima mdogo, mpangaji, rasi ya Oa, kusini mwa Islay. Kisha tukafungua sensa ya 1891, naye ana miaka saba. Safu ya mwisho ya karatasi ile ni ya lugha. Baba, mama na watoto wameandikiwa "G & E", Kigaeli na Kiingereza. Bibi kizee wa nyumba, mjane wa miaka 74, ana "G" peke yake. Mwanamke amezeeka ndani ya ufalme wa Malkia Victoria bila kujua Kiingereza!

Mjomba akavua miwani. "Basi huyu hakuwa Mwingereza hata kidogo."

"Ungemwambia mtu wa hapa kuwa ni Mwingereza, Mjomba, angekutoa nje."

Cheti cha kifo kilitula saa tatu nzima, maana wenye jina lile ni wengi kama kina Mohamed wa Lamu. Kilichotuokoa ni mama. Vyeti vya Uskoti humtaja mama wa marehemu kwa ukoo wa kwao, si wa mumewe, na jina hilo lililingana na la cheti cha kuzaliwa. Alifia Glasgow, 1938. Kazi: fundi mitambo wa meli. Mtoa taarifa: dada yake. Na kando ya jina, kwa mwandiko safi wa karani, neno moja: *single*.

"Hajaoa," Mjomba akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma tarakimu iliyokosewa kwenye hesabu. Akanyamaza. "Na mama yangu walimwokota wapi?"

Mimi nilikuwa tayari kumlaumu dada mtu. Mjomba hakukubali. Alisema karani huandika anachoambiwa, na mtoa taarifa husema alichoambiwa. Kwa hiyo aliyesema neno lile kwanza ni mwenyewe, miaka minane mizima, katika nyumba yenye watu wake, bila kumtaja mtoto wa Kibokoni hata siku moja. Tulikula mkate na mayai ya kuchemsha kwenye benchi, hatukuzungumza.

Siku ya pili, Paisley

Paisley iko jirani ya Glasgow. Hapo ndipo kampuni ya Bow, McLachlan ilipozijenga meli zetu za ziwani, kwa utaratibu ambao ukiufikiria unacheka: unajenga meli nzima kwa bolti, unahakikisha kila kitu kinakaa, kisha unaifungua vipande, unavitia alama, unavipakia kwenye merikebu hadi Mombasa, unavipandisha gari moshi hadi Kisumu, na huko mafundi wanaviunganisha upya kwa ribiti. Spana ya mlangoni kwa Bibi ndiyo kazi yake hiyo. Kiwanda kimekufa zamani, hakuna cha kutazama.

Lakini tukipita mtaani, Mjomba akasimama mbele ya dirisha la duka lililotundikwa shali. "Korosho!" Nikageuka. Kweli, korosho ya kanga, ile ile, imejaa shali nzima, kubwa na ndogo. Mwenye duka akatueleza kwamba shali hizo ziliigwa kutoka Kashmir, wafumaji wa Paisley wakazifuma kwa wingi sana karne ya 19 mpaka Wazungu wakauita urembo huo kwa jina la mji. Mjomba akampa pole, akamwambia kwetu ni korosho na itabaki korosho.

Siku ya tatu, barabarani na baharini

Basi la asubuhi kutoka Glasgow, mwendo wa saa tatu na nusu hivi mpaka gati la Kennacraig. Mwanzo unafuata ziwa Loch Lomond, ambalo huku wanaliimbia nyimbo. Mjomba aliyewahi kuvuka Victoria alilitazama kwa adabu, basi. Kisha barabara inapanda kwenye milima iliyopara, kijani mpaka kileleni bila mti, mpaka mahali wanapopaita kwa Kiingereza Pumzika Ushukuru. Jina ni la karne ya 18: askari waliochonga barabara ile waliliandika kwenye jiwe walipofika juu. Siku hizi mlima humwaga udongo mvua ikizidi, na nyavu za chuma zimetandazwa ubavuni kama mitego ya samaki.

Vibao vya huko vina lugha mbili. Katika kuperuzi simu nikamwambia Mjomba kwamba *Mac* ya Kigaeli maana yake ni mwana wa, na mwanamke hutumia *Nic*, binti wa.

"Bin na binti," akasema.

"Bin na binti."

"Basi wangesema tangu zamani, watu wakaacha kunong'ona."

Kivuko cha MV Finlaggan kinachukua saa mbili na kitu hadi Port Ellen. Mtu wa Mombasa hawezi kupanda kivuko bila kukilinganisha na Likoni: hapa magari yanapangwa kimya kimya, hakuna anayekimbia, hakuna mbuzi, hakuna anayeuza karanga. Mjomba akaona wamepungukiwa. Tulikaa nje upande usio na upepo, naye akaanza kusimulia habari za Bibi, ambazo huzisimulii mpaka uwe juu ya maji.

Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alituogesha kwa madodoki na majivu, alitukuna vichwa mpaka machozi. Neno lake la mapenzi lilikuwa moja tu, *medali*. Mtoto akianguka: "Njoo, medali." Akiwa na homa: "Lala, medali yangu." Hata mimi mjukuu nililikuta. Mjomba alisema walipokuwa wadogo walidhani limetokana na zile medali za askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Burma, maana baada ya vita mji ulikuwa umejaa watu wanaozing'arisha. Akacheka, akanionesha mbegani kovu la mti wa mkwaju alioangukia ndani yake 1961.

Kabla ya Port Ellen kuna viwanda vitatu vya wiski vimepangana pwani, kuta nyeupe, na jina la kila kimoja limeandikwa kwa herufi nyeusi ndefu kama mtu: Ardbeg, Lagavulin, Laphroaig. Harufu inakufikia kabla ya gati, moshi wenye dawa ndani yake. Ni moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, wanaoukata kama matofali, wakaukausha juani na kuuchoma. Wasio na kiwanda waliupikia chakula chao. Mjomba alivuta hewa mara mbili, akauliza kwa wasiwasi kama kunusa kunahesabiwa.

Nyumba ya wageni niliyolipia tangu Aprili ilikuwa imewapa watu wengine chumba chetu. Sitaitaja. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa na masanduku barabarani, na mama mmoja aliyekuwa akitoa pipa la taka akatuuliza tunatafuta nini. Tulilala kwake siku zote zilizobaki. Magharibi siku hiyo iliingia saa nne na robo usiku, na Mjomba akaisubiri Isha ameketi kitandani na koti.

Siku ya nne, Bowmore

Mvua. Tulikwenda Bowmore kwa basi dogo la kisiwa. Juu kabisa ya barabara kuu kuna kanisa la duara la mwaka 1767, na watu husema lilijengwa hivyo ili shetani asipate pembe ya kujificha. Mjomba alilizunguka lote, kisha akasema shetani hahitaji pembe, anakaa mlangoni.

Kitu kingine cha kisiwa hiki: kila dereva anampungia mkono kila dereva. Kidole kimoja juu ya usukani, lakini lazima. Kufika jioni Mjomba alikuwa akipunga na yeye, kutoka kiti cha abiria.

Siku ya tano, Oa

Mama mwenye nyumba alitupeleka kwa gari lake. Njia ya Oa ni ya gari moja, na mkikutana na mwingine mmoja wenu anarudi nyuma mpaka penye upenu wa kupishania. Kondoo hawajui sheria hiyo. Mwisho wa rasi kuna mnara wa Wamarekani, wa askari waliozama kwenye meli mbili karibu na hapo mwaka 1918, Tuscania na Otranto. Watalii huja kwa ajili ya huo. Sisi tulishuka kabla.

Ukisimama Oa unaona nyasi, kondoo, bahari, na nyumba moja moja. Ukisubiri macho yazoee, unaanza kuona kuta. Mstatili wa mawe hapa, mwingine pale, magoti juu ya ardhi, wa tatu una pengo la mlango. Kisha matuta: mistari iliyoinuka sambamba chini ya nyasi, mirefu, mamia. Ni matuta ya viazi na shayiri, hayajapandwa zaidi ya miaka mia na hamsini na bado yanasomeka kama mbavu za punda.

Islay nzima mwaka 1831 ilikuwa na watu karibu 15,000. Leo ni elfu tatu na kitu. Ugonjwa wa viazi wa 1846 uliwapiga, mwenye kisiwa akafilisika, ardhi ikauzwa. Sehemu hii ikaishia kwa John Ramsay, aliyekuwa pia mwenye kiwanda cha wiski cha Port Ellen. Miaka ya 1860 wapangaji wake wengi wa Oa walipakiwa kwenda Kanada. Mwaka 1870 alisafiri mwenyewe hadi Kanada kuwatazama wanavyoendelea. Mama mwenye nyumba alisema wapo wanaomsifu kwa kuwalipia nauli. Mjomba hakuhitaji kuelezwa zaidi. Amekulia pwani ambako mtu hupanda mnazi, akazika wazazi chini yake, na siku moja akaja mwenye hati asiyemjua. "Huyu tunaye," akasema.

Watu wetu walibaki, sijui kwa ujanja gani, na kwenye makaburi ya zamani tukawakuta. Ilituchukua karibu saa nzima. Mawe ya huko yanaota ukoga mweupe na wa rangi ya chungwa mpaka maandishi yanazama, nawe huruhusiwi kuukwangua, unaondoka na uso wa jiwe. Mama mwenye nyumba alitufundisha: laza tochi ya simu ubavuni mwa jiwe, mwanga upite sambamba na uso wake, usimulike kwa mbele. Nikafanya hivyo chini ya koti la Mjomba ili pawe na giza. Herufi zikasimama moja moja kwa vivuli vyao. Kwanza *Erected by*. Kisha Mac. Kisha baba. Kisha "na mkewe Mary", na ukoo wake mwenyewe, si wa mume. Mke huko alizikwa kwa jina la baba yake, kama mama zetu.

Mjomba alilishika hilo la Mary. Bibi alikuwa Mariamu. Akataka kunishawishi kuwa Mzungu alimpa bintiye jina la mama yake. Inawezekana. Lakini kila nyumba ya tatu Mombasa ina Mariamu na kila nyumba ya pili Islay ina Mary, na sikutaka kujenga ghorofa juu ya hilo.

Chini ya Mary kuna mtoto wa kiume aliyezama baharini, na binti, pengine yule mtoa taarifa. Baada yake jiwe ni tupu, viganja viwili vya nafasi iliyolainishwa na haikuandikwa kitu. Yeye hayumo. Kama nauli ya kumrudisha kutoka Glasgow ilikosekana, au moyo, jiwe halisemi.

Mjomba alisimama na visubi vikamvamia, maana upepo ulikuwa umetulia, na visubi vya Uskoti huhitaji upepo kidogo tu ili kukuacha. Alikuwa amekusudia kusoma Fatiha. Akafikiri, akajikuna shingo, akafikiri tena. Mwisho akaweka kiganja kwenye ile sehemu tupu, akasema kwa Kiswahili, polepole kama anayezungumza na mzee asiyesikia vizuri: "Sisi ni watu wa Kilindini. Tumepita kuwasalimu."

Siku ya sita, basi la gatini

Kivuko kilikuwa cha mchana, nasi tukapanda basi dogo asubuhi kwenda kununua jibini ya kumpelekea mama. Viti vya mbele walikaa bibi mmoja mkongwe, kofia ya sufi mpaka masikioni, na kitukuu chake cha miaka miwili au mitatu kilichokataa kuketi. Dereva alipofunga breki kumpisha kondoo, mtoto akaanguka sakafuni kifudifudi. Kilio chake kilitikisa basi.

Bibi yule akainama, akamnyanyua kwa mkono mmoja, akamfuta uso kwa kiganja, akamwambia maneno mengi ya chini chini, na katikati yake, mara mbili, wazi kabisa: "medal."

Mjomba alinishika goti. Aliniumiza.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akasimama, basi linakwenda, akashika vyuma vya viti mpaka mbele. Kiingereza chake ni cha ukarani wa zamani, kila neno na tai yake. Akaomba radhi, akauliza ni neno gani hilo alilomwambia mtoto. Bibi hakushtuka. Watu wa kisiwa kile hawashtuki, labda kwa kuwa wamezoea kupunga mkono. Akamtamkia tena, na nikaliona baadaye limeandikwa: *m'eudail*. Ni Kigaeli. Maana yake, hazina yangu. Alisema mama yake alimwambia hivyo, na mama ya mama yake. Watoto wa siku hizi wanalisikia, lakini wao hawalisemi. Kisha akamuuliza Mjomba yeye amelisikia wapi.

"Mombasa," Mjomba akasema. "Kwa mama yangu."

Bibi akamtazama mtu mweusi wa miaka 73 mwenye kofia ya kiua, akasogea dirishani, akampisha akae.

Sikusikia waliyozungumza mpaka Port Ellen, mtoto alikuwa amehamia mapajani mwangu na biskuti. Niliona tu Mjomba akihesabu kwa vidole, na bibi akitikisa kichwa. Mwanamume yule hakumtaja bintiye kwa dada yake wala kwa karani. Alimwita kwa lugha ya kwao miaka minane, na binti akalibeba asijue ni lugha gani.

Tulipokwenda kuchukua masanduku, Mjomba akamsimulia mama mwenye nyumba. Yule akatoa kamusi kuukuu yenye jalada lililofungwa kwa utepe, akapekua, akacheka peke yake. Hazina, ndiyo, alisema. Lakini neno lina ndugu yake hapa, *feudail*, na hilo ni ng'ombe, mifugo. Zamani za mababu zake hazina ya mtu ilikuwa zizini.

Mjomba alikaa na habari hiyo mpaka kivuko kilipong'oa nanga na kuta nyeupe za viwanda zikaanza kupungua. Kisha akachukua simu yangu, akampigia mama Mombasa, akaweka sauti kubwa ili upepo usimshinde.

"Dada, uko wapi? Kaa kitako kwanza. Unakumbuka Mama alivyokuwa akituita?"

"Medali," mama akajibu upande wa pili, kuku wakilia nyuma yake. "Kwani kuna nini?"

"Alikuwa akituita ng'ombe."

Mama akakaa kimya kidogo.

"Wewe, labda."